Kishikio cha Valizi Yako

Panda, Likasi
Tarehe 28 Desemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Philippe,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba ule mgongo uliokusumbua tangu uanze kubeba mizigo ya watu huko Liège umetulia. Baridi inasemaje? Unakula? Usinijibu "ninakula" tu kama unavyomjibu Mama. Niambie unakula nini, na unakula na nani.

Sisi ni wazima. Papa Alphonse anatembea polepole, lakini anatembea. Mama Martine bega la kulia linamuuma wakati wa mvua, na sasa mvua ni ya kila siku. Njia ya kushuka sokoni imegeuka mto, na sasa wenye baiskeli ndio wanaozibeba, si zinazowabeba. Orpha, mke wangu, bado anafundisha hesabu na bado anaongoza kwaya, na katika kazi zote mbili hasamehi kosa. Dada yetu Élise na mumewe Guy wamenenepa, mmoja kwa furaha na mwingine kwa bia. Nakuachia uchague.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia kwa mkono wakati simu ipo. Ni kwa sababu kila ninapokaribia kukushinda kwenye simu, mtandao unakatika, na nimeanza kuushuku mtandao huo. Barua haikatiki. Atakayekuletea ni Jessica, binti wa jirani yetu, anayerudi huko kwenye masomo. Ndani ya bahasha utagusa kitu kigumu. Usikitoe bado. Kina maelezo yake, na maelezo yenyewe ni marefu, kama unavyonijua.

Unajua vita vyangu na Noeli. Ile ya Bwana siigusi. Napigana na Noeli ya maduka, inayoanza kupiga kelele mwezi wa kumi na moja, inayomwambia baba asiye na mshahara kwamba hampendi mwanawe mpaka amnunulie gari la plastiki litakalovunjika kabla ya mwaka mpya. Nimesema hayo redioni mpaka mtangazaji akazima simu yangu. Nimeandika katika gazeti la parokia mpaka padri akaniomba niandike kuhusu Kwaresima.

Na unakumbuka desturi ya nyumbani kwetu: baada ya chakula kila mtu anainuka na zawadi yake, anacheza mpaka mbele, na Guy, aliyejiteua mwenyewe, anatangaza kwa sauti ya harusi jina la mtoaji na kitu alicholeta. Makofi yanafuata mng'ao wa kitu. Mwaka jana shangazi Gertrude alileta mfuko wa maharage ya shamba lake. Makofi yalikuwa machache hata nikaisikia mvua nje. Maharage yale tuliyala mpaka Februari, Philippe. Maua ya plastiki yaliyopigiwa vigelegele siku ileile sasa yanazuia vumbi lisianguke sakafuni, hiyo ndiyo kazi yao pekee.

Kwa hiyo mwezi uliopita, tulipokutana kwa Papa kupanga sikukuu, nilisimama na pendekezo langu: zawadi zifutwe. Zote. Tuimbe, tule, tulale. Nilitoa hoja zangu kwa utaratibu, kuanzia wafanyabiashara wa Roma ya kale mpaka wa hapa mjini, na nilikuwa bado sijafika katikati Orpha aliponikatiza.

"Ambroise, weye unataka kufunga kanisa kwa sababu padri anakohoa," alisema.

Watu wakacheka, na ukishachekwa katika mjadala umekwisha. Nilimwuliza basi yeye anapendekeza nini. Akasema hivi: kila mtu mzima achukue jina la mtu mmoja tu. Zawadi isitoke dukani; itengenezwe kwa mkono, au itoke katika kile ambacho mtu tayari anacho. Na siku yenyewe hakuna kutangaza kitu. Mtoaji asimame aseme ameona nini kwa huyu anayempa.

"Ameona nini namna gani?" Guy akauliza, maana kazi yake ilikuwa inapotea.

"Bofrere, shemeji yangu, weye unaishi na bantu hawa miaka yote. Angalia."

Tukaandika majina kwenye vipande vya karatasi, tukavitia ndani ya sufuria. Watu wazima tuliokuwapo kwenye kikao ni sita: Papa, Mama, Élise, Guy, Orpha na mimi. Mama akadai karatasi ya saba. Jina lako.

"Lakini Philippe haiko hapa, Mama," Élise akamwambia taratibu.

"Kwako haiko," Mama akajibu, akagonga kifua chake. "Kwangu iko."

Hakuna aliyembishia. Karatasi yako ikaingia. Nasi sita tukachota, kila mmoja akaficha yake.

Sasa nikueleze niliyoyaona siku ya Noeli, na uelewe kwamba anayekueleza ni mtu aliyekwenda pale akitafuta makosa. Niliketi karibu na mlango, tayari kusema "niliwaambia." Sikupata nafasi.

Guy ndiye aliyeanza, na alikuwa amechota jina la Mama. Shemeji yetu yule, ambaye nimegombana naye juu ya kila jambo kati ya mbingu na ardhi, aliingia na mchi mpya. Nikasema moyoni, haya, mchi, kila soko linao. Kisha akazungumza. Alisema amekaa uani Jumapili nyingi akimwangalia Mama anatwanga sombe ya majani ya mhogo, na ameona kwamba mchi wa zamani ni ule wa wakati Mama alipokuwa mwanamke mrefu. Mama amepungua, mdogo wangu. Wote tumepungukiwa na macho tusilione jambo hilo. Mchi haukupungua, kwa hiyo kila pigo anainua bega juu kuliko linavyoweza. Guy aliupima mkono wa Mama kwa siri kwa kumshikisha upande wa mlango eti anakagua bawaba. Akachonga mchi mfupi, mwembamba mahali pa kushika, mzito chini ili uanguke wenyewe. Mama aliuchukua, akaenda moja kwa moja kwenye kinu kikavu, akatwanga hewa. Tok, tok, tok. Akageuka na kusema, "Haiumi." Basi. 

Nilitaka kumchukia mtu huyu kwa kufanya jambo zuri namna ile. Nimejitahidi. Imeshindikana.

Élise alikuwa na jina la Papa. Unaikumbuka kengele ya baiskeli ya Papa, ile aliyokuwa anaipiga akikata kona akitoka kiwandani, tukajua maji ya kuoga yawe tayari? Baiskeli yenyewe imeliwa na kutu nyuma ya nyumba. Élise akaichomoa kengele, akaisugua kwa majivu na ndimu mpaka ikang'aa, akaifunga kwenye fimbo ya Papa, mahali kidole gumba kinapofika. Alisema ameona kwamba tangu Papa aache baiskeli anapita barabarani kimya, na watu hawajui kwamba amepita. Sasa Papa akienda kuketi kwa rafiki zake anapiga kengele, na kutoka kila ua unasikia, "Ee, Papa Alphonse!" Juzi amemtisha mwenye pikipiki. Amefurahi siku nzima.

Mama alimpa Élise kikwembe, kitenge alichombebea mgongoni, kilichochakaa mpaka maua yake hayaonekani, kile ambacho baadaye alikubebea wewe. Hakusema ameona nini. Alisema tu, "Weye ulikuwa mutoto wa kulia usiku," na Élise akalia mchana.

Mimi nilimchota Guy. Usicheke. Nilikaa juma zima nikifikiri nimpe nini mtu huyu, na jibu likaniuma kabla sijalisema. Nilisimama nikasema: nimeona kwamba Guy hajawahi kumaliza sentensi yake mbele yangu. Kwa hiyo nampa neno la mwisho, kila Jumapili mezani, mwaka mzima. Akishalisema, nafunga mdomo mpaka kahawa.

"Weye? Utanyamaza?" Guy aliruka. "Mama, muguse kichwa! Iko na homa! Élise, ita munganga!"

"Sina homa."

"Basi na nianze leo. Samaki ya Mwadingusha inanuka matope. Ile ya Luapula njo samaki."

Alisema hivyo, Philippe, mbele ya samaki wa kukaushwa wa Mwadingusha waliokuwa mezani, ambao Mama alizaliwa akiwala na ambao yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kula vipande vitatu! Niliishika meza kwa mikono miwili. Mama alinitazama. Orpha alinitazama. Nilimeza hoja kumi na mbili na maji. Sijawahi kutoa zawadi ghali kuliko hiyo, na haikunigharimu hata faranga.

Mimi nilikuwa nimechotwa na Orpha. Miwani yangu ilikatika mkono tangu Agosti, nami nimekuwa nikiifunga kwa kamba ya mpira na kusoma nimeinamisha kichwa kama kuku anayesikiliza. Orpha alipata waya mwembamba wa shaba kutoka kwenye mota iliyokufa, akaizungushia miwani mkono mpya, duru kwa duru, akaukunja mwisho wake ili usinikwaruze sikio. Alisema ameona kwamba nikisoma ninaumia shingo, kisha shingo inaumiza hasira, kisha hasira inaumiza watu. Ni hesabu hiyo, na kama kawaida yake haina kosa. Ninakuandikia nimeivaa. Mji mzima unaishi kwa shaba, na kwa mara ya kwanza kipande chake kimenifikia mimi.

Sasa tuje kwako.

Papa ndiye aliyekuwa amechota jina lako. Hakumwambia mtu, ila siku mbili baadaye alimwendea Orpha, na hayo nimeyajua baada ya sikukuu. Alimwambia, "Mutoto wangu, miye nimpe nini muntu ya kuishi Ulaya? Kule iko na kila kintu."

Orpha akamjibu, "Papa, pengine si kumpa. Pengine ni kumuondolea."

Kisha akamweleza alichokuwa amekiona. Unakumbuka safari yako ya mwisho hapa. Valizi yako, lile sanduku lako la safari, ilifunguliwa sebuleni, mbele ya ukoo na nusu ya mtaa, kama tunavyomfanyia kila mtoto wetu anayerudi kutoka mbali. Mashati, manukato, viatu. Aliyepata viatu vidogo alinung'unika, aliyekosa aliondoka bila kuaga. Siku ya kurudi ulivua koti lako mlangoni ukampa mjomba aliyekuwa amenuna, ukaenda uwanja wa ndege Lubumbashi na mfuko wa plastiki, maana hukuwa na kitu cha kutia ndani ya valizi. Ukaiacha.

Mama akaitunza. Aliipangusa kila Jumamosi, akaiweka juu ya kabati, akaifunika kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe. Kwake, valizi ile ilikuwa wewe. Na kwa kuwa mtandao unashika vizuri chini ya dirisha lile, kiti cha Mama cha kukupigia simu kiko palepale, mbele ya kabati. Kila Jumapili kwa miaka sita umemwona mama yako, na juu ya kichwa chake valizi tupu.

Orpha aliyaona macho yako. Alisema kila mara unaanza vizuri, unacheka, kisha macho yako yanapanda juu kidogo, na kuanzia hapo unasema kazi nyingi, tiketi ghali, mwakani. Sisi tulidhani umetusahau. Nilikwambia hivyo mwezi wa saba, kwa ukali, na mtandao ukakatika. Tulikuwa tumekuwekea valizi pale kwa upendo, na wewe uliisoma kama swali: utaijaza lini?

Mimi ninayesoma kila kitu kilichoandikwa sikuweza kusoma hilo. Mke wangu alilisoma kwenye kioo cha simu kilichopasuka.

Basi siku ya Noeli, sisi watano tulipokwisha kutoa, Mama akauliza, "Na Philippe? Nani iko na Philippe?" Papa akainuka, akapiga kengele yake mara moja, akatoka uani. Alirudi amebeba valizi yako kwa mikono miwili, kifuani, maana haikuwa na kishikio tena. Alikuwa amekata mlango ubavuni. Ndani kulikuwa na nyasi kavu, na juu ya nyasi kuku mwekundu, amekasirika.

"Alphonse!" Mama alipiga ukelele. "Valizi ya mutoto!"

Alikimbilia kabatini, akavuta kitambaa. Chini yake kulikuwa na katoni ya sabuni. Papa alikuwa ameiweka pale ili asigundue mapema. Tungecheka, lakini uso wa Mama haukuruhusu.  Alimwambia Papa maneno ambayo sijamsikia akimwambia maishani mwangu, kwamba amemfukuza mwanawe.

Papa alimwacha amalize. Kisha akasema, "Martine. Mutoto haiko mu valizi."

Hakupaza sauti. Alituambia ameona nini, kama sheria ilivyotaka: ameona mwanawe anaogopa nyumba yake mwenyewe. Akasema amefanya kazi miaka mingi, na kila jioni alirudi na jasho na kengele tu, na hakuna mtoto aliyemwuliza ameleta nini. Akasema kuanzia leo katika nyumba hii hakuna mtu atakayefungua mzigo wa Philippe, hata akija nao kumi. Anayetaka viatu aende sokoni. Akageuka akamtazama Guy, kisha mimi, kisha Élise, mmoja mmoja, mpaka kila mmoja wetu alipoitika.

 Orpha akamsogelea Mama, akamweleza habari ya macho yako, kwa sauti ya chini, kama mtu anayesahihisha jibu la mtoto anayempenda. Mama akakitazama kiti chake, akaitazama sehemu ya juu ya kabati. Nilimwona akielewa. Nisingependa kuona tena, na nisingependa kuwa nilikosa kuona.

Halafu aliinama mbele ya valizi, akamwangalia kuku. "Nyasi ni kidogo," akasema. "Hapa mbele atasikia baridi." Akatoka mwenyewe kwenye mvua kuleta nyasi nyingine.

Sasa toa kile kitu kwenye bahasha. Ndicho kishikio cha valizi yako. Papa anakitoa kwako ujue kwamba haibebeki tena. Hiyo ndiyo zawadi yake. Nimesoma vitabu vingi, nimewasikia watu wakubwa wakihubiri juu ya kutoa, na sijakutana na zawadi iliyofikiriwa vizuri kuliko ya mzee huyu aliyemchukulia mwanawe kitu badala ya kumpa.

Lakini usidhani umepona kwangu. Majina yalikuwa saba na tuliochota ni sita. Karatasi moja ilibaki ndani ya sufuria: Orpha. Ni ya kwako. Wewe ndiye unayepaswa kumpa, na sheria ni ileile: isitoke dukani. Nikamwuliza angependa nini. Akasema kwaya yake ya Pasaka haina besi. Cédrick anajaribu, lakini anaimba kama mlango. Alisema anaikumbuka sauti moja tu iliyowahi kuyatikisa madirisha ya kanisa letu, na haiwezi kutumwa kwa posta. Tiketi ni ghali, ndiyo, sibishani na hilo. Ila ni hiyo tu utakayoitafuta. Njoo na mswaki, na shati moja ulilolivaa.

Papa na Mama wanakusalimu sana. Élise anakusalimu na kukulilia kidogo. Shangazi Gertrude anauliza kama maharage yanaliwa huko. Guy anakusalimu, na Jumapili hii ametumia neno lake la mwisho kusema kwamba utakuja. Nimekaa kimya, na safari hii haikuniuma. Kuku ametaga jana. Mama hataki yai lile liguswe.

Mungu akulinde barabarani na kazini, aulegeze mgongo wako, akufungulie njia mpaka mlangoni petu.

Ni mimi yaya wako, kaka yako mkubwa, ninayekupenda hata ninapokugombeza, na ambaye leo, kwa hiari yangu, ninakuachia wewe neno la mwisho,

Ambroise